Miaka ya Mwisho Kazini na Kustaafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa aliyebakiwa na miaka kumi na tano ya kazi au pungufu, na kwa aliyekwisha kukabidhi ofisi. Yanaanza na mwili kazini, yanapitia nyaraka na fedha, kisha yanaingia kwenye maisha yenyewe ya ustaafu. Sheria za mafao hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo tumeshika yale yanayomhusu mtu popote alipo.

Maandalizi yaanze lini?

Kila jambo lina muda wake. Mwili ndio unaotaka muda mrefu zaidi: nguvu za miguu utakazozihitaji ukiwa na miaka 70 hujengwa ukiwa na 55, wakati bado una ratiba na kipato. Kumbukumbu za michango zikaguliwe miaka mitano kabla, maana kosa lililofanywa na mwajiri ambaye siku hizi hata hayupo laweza kukuchukua zaidi ya mwaka kulisahihisha. Madeni makubwa yamalizwe kabla ya mshahara wa mwisho. Miaka miwili ya mwisho ni ya majaribio: kuishi kwa kiwango cha pensheni, kuanza shughuli utakayoendelea nayo, kupata marafiki wasiotoka kazini.

Wengi huweka nguvu zote kwenye fedha, na mengine huyaachia siku ya barua ya kustaafu. Fedha ni muhimu, hakuna ubishi. Lakini kazi ilikuwa inampa mtu mambo mengi kuliko mshahara, na hayo mengine hayamo kwenye hundi ya mafao. Lazima yatafutiwe mbadala mapema.

Nimevuka miaka 50. Ni kitu gani hasa kinabadilika mwilini, na kinaathirije kazi?

Macho hutangulia. Kuanzia miaka ya katikati ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa, na kusoma karibu kunakuwa tabu. Mwanga nao hupungua: retina ya mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia ya kijana wa miaka 20. Ndiyo maana taa iliyokutosha miaka yote leo unaiona hafifu. Weka taa ya mezani upande wa mkono usioandikia ili kivuli cha mkono kisiangukie karatasi.

Hapa kuna jambo moja linalowatesa watu wa kompyuta bila wao kujua chanzo. Miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini, hukulazimisha kuinua kidevu ili uisome skrini kwa sehemu ya chini. Ukikaa hivyo saa nane kwa siku, shingo na mabega yatauma, na utaanza kununua mito na dawa za kuchua. Tiba ni kumwomba mpimaji wa macho miwani ya pekee ya umbali wa skrini, yaani sentimita 50 hadi 70. Pima umbali huo kwa rula nyumbani au ofisini kabla ya kwenda, umpelekee namba.

Masikio hupoteza sauti nyembamba kwanza, zile za s, f, t na sh. Kwa hiyo utasikia kwamba mtu anaongea, ila maneno yatakuchanganya, hasa kwenye kikao chenye kelele. Kaa uwaone wasemaji usoni, mgongo wako ukielekea ukuta. Vifaa vya kusikia havifai kuahirishwa, kwa kuwa mtu asiyesikia huanza kukwepa mazungumzo, halafu huambiwa amebadilika tabia.

Misuli hupungua kwa takriban asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi baada ya umri wa miaka 30, na kasi huongezeka baada ya 60. Mzigo wa kilo 20 ni uleule wa zamani; kilichopungua ni akiba ya nguvu inayobaki baada ya kuuinua. Akiba hiyo ikiwa ndogo, kuteleza kidogo au usiku mmoja wa usingizi mbaya unatosha kuleta ajali.

Nasahau majina ya watu. Je, ndiyo dalili ya ugonjwa wa kusahau?

Kwa kawaida hapana. Kasi ya ubongo kuchakata mambo mapya hupungua taratibu, lakini msamiati, uamuzi na ujuzi wa kazi hubaki imara hadi miaka ya sitini na zaidi. Jina linalokuja baada ya dakika kumi halikupotea, lilichelewa tu.

Dalili za kumwona daktari ni nyingine: kupotea njia unayoipita kila siku, kurudia swali lilelile ndani ya saa moja, kushindwa malipo au hesabu ulizozifanya kwa miaka, au watu wa nyumbani kuona mabadiliko ambayo wewe huyaoni. Hata hapo usikate tamaa mapema. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu, sonona, kukosa usingizi na baadhi ya dawa huleta usahaulifu unaotibika.

Nitajuaje kama bado naiweza kazi yangu?

Finland ilianza kulipima jambo hili miaka ya 1980, pale watafiti wa taasisi yake ya afya ya kazini, akiwemo Juhani Ilmarinen, walipotengeneza kipimo cha uwezo wa kufanya kazi ambacho sasa kinatumika nchi nyingi. Alama zake ni kuanzia 7 hadi 49. Alama 7 hadi 27 ni uwezo dhaifu, 28 hadi 36 wa wastani, 37 hadi 43 mzuri, 44 hadi 49 mzuri sana.

Swali lake la kwanza unaweza kujiuliza hata leo: kama uwezo wako wa kazi ulipokuwa kileleni ulistahili alama 10, leo ungeupa ngapi? Jiulize mara moja kila mwaka na uandike jibu. Ukitoka 9 hadi 8, ni mwendo wa kawaida. Ukishuka kutoka 8 hadi 5 katika mwaka mmoja, kuna kitu kimetokea na kinafaa kutafutwa.

Ilmarinen aliuchora uwezo wa kazi kama nyumba ya ghorofa: afya chini kabisa, juu yake ujuzi, kisha maadili na ari, na juu kabisa kazi yenyewe pamoja na uongozi wake. Faida ya mchoro huo ni kwamba unazuia kosa la kumlaumu mfanyakazi kwa kila kitu. Mara nyingi ghorofa ya juu ndiyo nzito mno: zamu mbaya, vifaa vibovu, msimamizi asiyesikiliza. Hapo dawa za maumivu hazitasaidia.

Kazi yangu ni ya nguvu. Nimwombeje msimamizi mabadiliko bila kuonekana nimechoka?

Usiende na malalamiko, nenda na orodha. Kwa wiki mbili andika ni shughuli gani inakuumiza, saa ngapi, na kwa muda gani. Utakuta aghalabu ni mbili au tatu tu kati ya zote. Kisha pendekeza badiliko la kila moja: mizigo ihifadhiwe kati ya usawa wa nyonga na kifua badala ya sakafuni, mzigo wa kilo 30 ugawanywe mara mbili, toroli, zulia la kusimamia, mapumziko ya dakika tano kila saa badala ya moja refu.

Sema hivi: «Nataka kuendelea na kazi hii hadi nistaafu. Shughuli hizi mbili ndizo zinazonirudisha nyuma. Napendekeza tujaribu hivi kwa miezi mitatu, kisha tuangalie.» Jaribio lenye mwisho hukubaliwa kirahisi kuliko ombi la kudumu. Mkikubaliana, andika kwa ufupi na umtumie, kwa sababu wasimamizi huhamishwa.

Watafiti Paul Baltes na Margret Baltes walieleza mbinu hii kwa mfano wa mpiga piano Arthur Rubinstein, aliyeendelea kupiga jukwaani akiwa na miaka 80: alipunguza idadi ya vipande, akavifanyia mazoezi zaidi hivyo vichache, na kabla ya sehemu ya kasi alipunguza mwendo ili kasi isikike kubwa. Mtu wa kazi yoyote anaweza kuiga: chagua machache, yaboreshe, na palipopungua tafuta njia ya kufidia.

Zamu za usiku zinanimaliza. Ni umri au ni mimi?

Ni umri kwa sehemu kubwa. Saa ya ndani ya mwili husogea mapema, na usingizi wa mchana hukatika kirahisi zaidi baada ya miaka 50. Omba zamu zizunguke kwa kwenda mbele (asubuhi, kisha mchana, kisha usiku), usiku usizidi mitatu mfululizo, na kati ya zamu na zamu zipite angalau saa 11. Usinywe kahawa katika saa sita za mwisho kabla ya kulala. Kama eneo lako la kazi lina utaratibu wa kuwaondoa wakongwe kwenye zamu za usiku, uombe kabla hujaugua.

Nifanye mazoezi gani, na kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Kuanzia miaka 65 yanaongezwa mazoezi ya mizani ya mwili siku tatu au zaidi. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Watu hutembea, na hilo ni jema, kisha huacha mazoezi ya nguvu. Kutembea pekee hakuzuii misuli ya mapaja kupungua, na misuli hiyo ndiyo inayokuinua kitini na kukuzuia kuanguka. Jipime hivi. Chukua kiti kisicho na mikono, kimo cha takriban sentimita 43, ukiegemeze ukutani. Kaa katikati, nyayo zikanyage sakafu, mikono uikunje kifuani. Simama wima na ukae tena, mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30, bila kujisukuma kwa mikono. Kwa umri wa miaka 60 hadi 64, mwanamume aliye chini ya mara 14 na mwanamke aliye chini ya 12 wako chini ya wastani. Kwa miaka 65 hadi 69 mipaka ni 12 na 11.

Kipimo hicho hicho ndicho zoezi. Fanya seti tatu za mara nane hadi kumi, siku mbili au tatu kwa wiki, ukishuka taratibu kwa kuhesabu tatu. Ikiwa rahisi, shika chupa ya maji kila mkono. Ongeza kusukuma ukuta au meza kwa mikono, na kusimama kwa mguu mmoja karibu na kitu cha kushika, sekunde 10 hadi 30 kila upande. Magoti yakiuma, kiti kiwe kirefu zaidi badala ya kuacha zoezi. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika kusiko kwa kawaida, acha na umwone daktari.

Vipimo gani visisahaulike?

Presha, sukari ya damu, mafuta ya damu, macho pamoja na presha ya jicho, masikio, meno, na uchunguzi wa saratani za utumbo mpana, matiti na mlango wa kizazi kwa ratiba ya nchi yako. Kuhusu tezi dume, zungumza na daktari juu ya faida na hasara kabla ya kupima.

Presha mara nyingi hupimwa vibaya. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza, kisha kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya nguo. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Kliniki huhesabu 140/90 na zaidi kuwa presha ya juu, na ukipima nyumbani mpaka ni 135/85. Kipimo kimoja hakitoshi kumwanzishia mtu dawa, isipokuwa kiko juu sana.

Joto la ghafla la kukoma hedhi linaniaibisha kazini. Nifanyeje?

Hedhi hukoma kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, yaani katikati ya miaka mizito ya kazi, na joto hilo laweza kuendelea kwa miaka kadhaa. Vaa nguo za tabaka zinazovulika, kaa karibu na dirisha au feni, weka maji baridi karibu. Usingizi ukikatika kila usiku usivumilie kimya, kwani zipo tiba za homoni na zisizo za homoni ambazo daktari anaweza kukuchagulia kwa historia yako. Damu ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, ichunguzwe bila kuchelewa.

Bosi wangu ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini.

Mpe heshima ya cheo hadharani, na mashauri yako umpe faraghani. Neno linaloharibu zaidi ni «sisi zamani tulikuwa tunafanya hivi». Sema badala yake tatizo gani litatokea, na lini.

Nikabidhi vipi ujuzi wangu kabla sijaondoka?

Anza miezi sita kabla. Andika daftari lenye sehemu nne: mambo ya kila mwezi na tarehe zake, watu wa kuwasiliana nao na nani ana uamuzi wa mwisho, hitilafu zinazojirudia na dalili zake za mwanzo, mahali pa funguo, mafaili na vibali. Kosa la kawaida ni kuandika utaratibu ambao tayari umo kwenye mwongozo. Kinachopotea mtu akiondoka ni yale yasiyoandikwa popote: mteja ambaye lazima apigiwe simu kabla ya kutumiwa barua, mashine inayotoa mlio fulani siku mbili kabla ya kuharibika.

Miezi mitatu ya kwanza fanya wewe, mrithi wako atazame. Miwili inayofuata afanye yeye, utazame wewe. Mwezi wa mwisho usiguse chochote, ujibu maswali tu. Mwezi huo ni mgumu kuliko inavyodhaniwa.

Bora kuondoka kwa siku moja au kupunguza kazi taratibu?

Inapowezekana, taratibu. Pendekezo namba 162 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1980, linalohusu wafanyakazi wenye umri mkubwa, linahimiza mpito wa hatua kwa hatua kutoka kazini hadi ustaafu, pamoja na mafunzo ya maandalizi. Siku nne kwa wiki mwaka wa kwanza na tatu wa pili ni mpangilio unaowafaa wengi.

Kabla ya kusaini, uliza jambo moja: pensheni yangu inakokotolewa kwa mshahara wa miaka ipi? Kama ni wastani wa miaka ya mwisho, kupunguza saa na mshahara kunaweza kukushushia pensheni ya maisha yote. Mfuko wako wa pensheni ukupe hesabu mbili kwa maandishi, ya kupunguza na ya kutopunguza. Tazama pia kama siku tatu ni siku tatu kweli. Wapo wanaopunguziwa mshahara huku kazi ikibaki ileile ya wiki nzima.

Nyaraka zipi hukwamisha mafao?

Karibu kila mara ni mambo madogo. Jina limeandikwa kwa namna moja kwenye kitambulisho na kwa nyingine kwenye rekodi za mfuko. Tarehe ya kuzaliwa iliyotajwa wakati wa kuajiriwa haifanani na ya cheti. Miezi fulani mwajiri alikata michango na hakuipeleka. Mtu ana namba mbili za uanachama kwa sababu alisajiliwa upya alipohama kazi.

Omba taarifa kamili ya michango na uiweke kando ya hati zako za mshahara, mwezi kwa mwezi. Palipo na pengo, andika barua yenye nakala ya hati ya mwezi huo, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Hapa ndipo wanaotupa hati za mshahara hujuta. Usiridhike na ahadi ya mdomo kwamba «itarekebishwa». Baada ya miezi mitatu omba taarifa mpya uone kama pengo limejazwa.

Kagua pia majina ya wanufaika. Wengi waliwaandika wazazi siku ya kwanza ya ajira, na leo wazazi hawapo, au aliyeandikwa ni mwenza wa zamani. Kwa baadhi ya mifuko fomu hiyo ina nguvu kuliko maelezo yoyote ya familia baadaye. Mwisho, uliza bima yako ya afya inakoma tarehe ipi. Pengo la mwezi mmoja kati ya bima ya mwajiri na ya mstaafu ndilo linaloangukiwa na upasuaji.

Malipo ya kwanza yanaweza kuchelewa, kwa hiyo uwe na akiba ya matumizi ya miezi mitatu hadi sita iliyo tayari benki.

Nichukue mkupuo (fedha nyingi kwa mara moja) au pensheni kubwa zaidi ya kila mwezi?

Kama mfuko unakupa chaguo, gawa mkupuo kwa tofauti ya pensheni ya mwezi. Tuseme mkupuo ni 60,000, na ukiuacha pensheni yako inaongezeka 500 kwa mwezi: 60,000 kugawa kwa 500 ni miezi 120, yaani miaka kumi. Ukiishi zaidi ya miaka kumi baada ya kustaafu, pensheni imekulipa zaidi, bila kuhesabu riba na kupanda kwa bei. Kisha uliza maswali matatu: pensheni hupandishwa bei zikipanda? Mwenza wangu ataendelea kulipwa nikifa, na kwa kiwango gani? Nina deni la riba kubwa ambalo mkupuo ungelifuta? Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, hesabu hubadilika.

Nimepokea mkupuo. Niufanyie nini?

Kwa miezi sita ya kwanza, karibu usiufanyie chochote. Lipa madeni ya riba kubwa, tenga akiba ya dharura, na kiasi kilichobaki kiwe mahali salama panapotoa riba. Miezi hiyo ndiyo utakayopata mawazo ya biashara kutoka kila upande, na watu waliokuwa kimya kwa miaka watakumbuka namba yako.

Biashara isiyo na uzoefu wako isipewe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mkupuo kwa mwaka wa kwanza. Kinachoangusha wastaafu si uvivu. Hutia fedha zote siku ya kwanza, kwa hiyo kosa la kwanza, ambalo kila mfanyabiashara hulifanya, linakuwa la mwisho. Ujenzi nao uwekewe bajeti yenye nyongeza ya asilimia 20, vinginevyo utabaki na kuta.

Matapeli hupiga simu wakijua jina lako na mwajiri wako, wakidai ada ndogo ili faili lako «lisukumwe». Kata simu, kisha piga mwenyewe namba rasmi ya mfuko. Hata kama mfuko wako una ada halali, haitaenda kwenye simu ya mtu binafsi.

Kuhusu ndugu na jamaa, amua kiasi cha kutoa kwa mwaka kabla maombi hayajaanza, na kikiisha, kimeisha. Anayeamua kila ombi peke yake, siku hiyo hiyo, hutoa zaidi ya alichokusudia.

Nitajuaje kama fedha zitatosha?

Usikadirie kichwani. Miaka miwili kabla ya kustaafu, ishi miezi mitatu kwa kiasi cha pensheni unayotarajia, na mshahara unaozidi upeleke kwenye akiba. Utaona wazi ni wapi panabana. Ondoa gharama za kazi kama nauli na mavazi, ongeza za afya, na usisahau zinazokuja mara moja kwa mwaka.

Kupanda kwa bei kuna hesabu ya haraka: gawa 72 kwa asilimia ya mwaka. Bei zikipanda asilimia 6, baada ya miaka 12 zitakuwa mara mbili. Anayestaafu akiwa na 60 atayaona hayo akiwa na 72, na pengine tena akiwa na 84.

Kuna kanuni maarufu ya asilimia 4, iliyotokana na kazi ya mshauri wa fedha William Bengen ya mwaka 1994: mwaka wa kwanza unatoa asilimia 4 ya akiba, kisha kila mwaka unaongeza kiasi hicho kulingana na kupanda kwa bei, na akiba inadumu miaka 30. Ilijengwa juu ya masoko ya hisa na hatifungani ya Marekani. Kwingine ichukuliwe kama dira, isitumike kama dhamana. Mwaka mbaya wa uwekezaji ukikukuta mwanzoni kabisa, punguza matumizi mara moja, kwa maana unachouza wakati bei imeshuka hakirudi.

Wiki za kwanza nilifurahi. Sasa mwezi wa tano nimekosa raha. Ni kawaida?

Ni kawaida kabisa. Mwanasosholojia wa Marekani Robert Atchley alieleza katika miaka ya 1970 kwamba watu wengi hupita kipindi cha fungate, kisha kipindi cha kuvunjika moyo, ndipo hujipanga upya na kutulia. Si kila mtu hupitia vyote, wala muda haufanani. Hata kipimo cha misukosuko ya maisha cha Holmes na Rahe cha 1967 kiliupa ustaafu alama 45 kati ya 100. Walioondoka kwa kupenda hupita kirahisi kuliko waliopunguzwa au kuondolewa na ugonjwa.

Si kawaida pale huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kunapodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, kupungua uzito, kujilaumu au kuona maisha hayana maana. Mtafute daktari. Ukifikiria kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo na usibaki peke yako. Angalia pia pombe: glasi iliyokuwa ya mwisho wa juma ikianza kusogea hadi saa sita mchana siku za kazi, hesabu unachokunywa kwa wiki moja, ukiandika.

Siku nzima nitaijaza na nini?

Usianze na orodha ya shughuli. Anza na kile ambacho kazi ilikupa. Mtafiti Marie Jahoda alikitaja kwa mambo matano: mpangilio wa muda, watu nje ya familia, lengo linalowahusu wengine, hadhi, na kushughulika kila siku. Alianzia Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake kilifungwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1933. Watafiti walipima hadi mwendo wa watu barabarani. Wanaume, ambao saa zote zilikuwa zao, walitembea polepole kuliko wanawake na walisimamasimama njiani. Wanawake bado walikuwa na nyumba za kuendesha.

Chukua karatasi, andika mambo hayo matano, na kando ya kila moja andika kitu halisi chenye siku na saa. Bustani hukupa kushughulika, haikupi watu. Kikundi cha kuimba hukupa watu na saa maalumu. Kufundisha vijana ufundi wako hukupa lengo na hadhi. Mahali palipobaki wazi ndipo patakapouma mwezi wa tano.

Kwa wiki, shughuli mbili au tatu zinazokutaka utoke nyumbani na ambazo mtu atauliza usipofika zinatosha. Amka saa ileile. Mtu wa miaka 65 na zaidi bado anahitaji saa 7 hadi 8 za usingizi, na kulala mchana kwa zaidi ya nusu saa huuharibu usiku. Nafasi za kamati usizikubali zote mwaka wa kwanza.

Tangu nistaafu tunagombana na mwenzangu kila siku.

Nyumba ilikuwa na mwenyeji wake wa mchana, na sasa umeingia na mitindo ya ofisini. Acha kupanga upya jiko. Kaeni chini mkubaliane mambo matatu: kazi za nyumba unazozichukua moja kwa moja (na si «kusaidia»), saa ambazo kila mmoja ana shughuli zake, na nani anaamua matumizi ya kiasi gani bila kumwuliza mwenzake. Mazungumzo haya hufaa zaidi yakifanyika mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Kama mwenzako bado anafanya kazi, usimsubiri mlangoni akirudi. Mpe nusu saa apumue.

Naweza kurudi kazini baada ya kustaafu?

Nchi nyingi zinaruhusu, kwa masharti. Kabla ya kukubali, pata majibu ya maandishi: je, pensheni itasimamishwa au kupunguzwa kipato kikivuka kiwango fulani? Kodi itakatwaje kwenye vipato viwili? Michango mipya itaongeza pensheni au inakwenda bure? Bima ya ajali kazini inakuhusu? Mkataba uwe na saa, kazi na tarehe ya mwisho. Miezi sita inayoweza kuongezwa ni bora kuliko miaka miwili, na uweke sharti la kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja upande wowote. Ukirudi kwa mwajiri wako wa zamani, kubaliana mapema kwamba aliyekurithi ndiye mwenye uamuzi, na wateja wa zamani wakikupigia simu uwapeleke kwake.